Mahali pa Kunyamaza

Vijana wa ukumbi mmenitaka niwaandikie jinsi ya kutisha watu kwa filamu. Mngenitaka niandike jinsi ya kuwachekesha ningekataa, maana kuchekesha sikukuweza hata siku moja; nilipojaribu, watu walinihurumia. Kutisha nilikuweza. Nimerudisha funguo mwezi uliopita, macho bado yanaona, na mke wangu anasema nikiendelea kukaa barazani kuwakosoa wapita njia atanirudisha kazini kwa nguvu. Basi naandika. Habari za vyeo na mshahara naziruka, kwa sababu cheo sikupata na mshahara ulikuwa ni huohuo mnaoulalamikia ninyi.

Nilianza mwaka wa uhuru. Rumonge yote ilinuka rangi mbichi, kwa kuwa kila mwenye duka alipaka ukuta wake kwa ajili ya sherehe, na bendera zilitundikwa mpaka kwenye vibanda vya kuuzia mawese. Mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini alikuwa na bohari ya mawese karibu na soko. Akaondoa mapipa, akaweka mabenchi, akatandaza shuka nyeupe ukutani, akasema hii sasa ni sinema. Mapipa yaliondoka, harufu ikabaki. Mpaka leo nikinusa mawese yaliyolala namwona mtu anapanda farasi.

Kazi yangu ilikuwa ya mdomo. Filamu zilikuja kwa Kifaransa, na watu wa Rumonge walitaka Kiswahili. Kwa hiyo alihitajika mtu wa kukaa mbele, pembeni ya shuka, na maikrofoni mkononi, awaeleze watu yanayosemwa na yanayotendeka. Tuliitwa makomantatere. Aliyenifundisha ni Baba Selemani, mzee aliyevuka zamani kutoka upande wa Uvira. Wakati wa Wabelgiji alizunguka na gari la sinema akiwaeleza wanavijiji filamu za kunawa mikono na kuchimba vyoo. "Mutu akiweza kufanya choo ipendeze," alikuwa akisema, "hakuna kitu itamushinda."

Desturi yetu, na fahari yetu, ilikuwa kusema mambo kabla hayajatokea. Asubuhi tuliitazama filamu wenyewe, ukumbi ukiwa mtupu, ili mchana tukikaa mbele ya watu tuwe tunajua yote. Komantatere aliyengoja picha imfundishe alionekana hajui kazi. Kwa hiyo ulisema: "Muone huyu wa kofia nyeupe. Huyu atakufa, lakini hapana sasa, muache kwanza anywe." Watu walifurahi. Walikuwa wamenunua biye, yaani tiketi, ili wajue, na wakijua mapema waliona wamepata faida.

Tulionyesha mchana, baada ya sala ya adhuhuri, kwa sababu usiku wavuvi walikuwa ziwani na taa zao wakitafuta ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, na ukumbi wa Rumonge bila wavuvi ni mabenchi matupu. Giza ilibidi tulitengeneze. Tulichukua magunia, tukayapaka masizi yaliyochanganywa na mawese, tukayatundika madirishani. Lilikuwa giza zuri, ila lilichafua mashati, na wake za watu walinitukana sokoni kwa ajili yake.

Mashine ilikuwa kazi ya Leonidas. Yeye alitoka milima ya juu, kule ambako asubuhi ukungu unaficha hata mbuzi uliyemshika kamba, akasoma kwa mapadri mpaka siku alipowaambia hataki upadri. Walikuwa wameshamfundisha Kifaransa na ufundi wa projekta, na hivyo viwili hawakuweza kumnyang'anya. Alikuwa mwembamba, mpole, na alikula ndagala kama mtu anayelipa kisasi, maana kwao hazikufika. Asubuhi alikuwa akisimamisha mashine kila baada ya maneno machache, ananipa maana, nami nayageuza. Mchana watu walinisifu mimi. Nilipomwambia hiyo si haki, alicheka. "Weye uko na sauti, bakusifu sauti. Mimi niko na taa."

Nilimpenda Leonidas. Ni vizuri niliseme mapema, kabla sijaingia kwenye habari za mazimwi.

Filamu ya kwanza ya kutisha ilitukuta hatujajiandaa. Ilikuwa na kasri juu ya mlima, ukungu mwingi, na bwana mmoja mwenye joho ambaye mchana analala ndani ya jeneza na jioni anaamka kunyonya watu damu. Mimi nikaieleza kama nilivyozoea kueleza za farasi. "Huyu iko maiti. Sasa atafungua sanduku. Yule dada atapiga kelele. Munaona? Amepiga." Ukumbi ukaangua kicheko. Mvuvi mmoja wa Kabonga, aliyekuja kuuza samaki, akasimama kabisa na kuuliza kwa sauti: "Lakini kwa nini hawakumuzika? Mutu unamuweka mu sanduku, ndani ya nyumba, bila udongo, atakosa namna gani kuamuka?" Ikawa ndiyo hoja ya siku ile. Walitoka wakiwalaumu wenye kasri.

Mwenye ukumbi alininunia. Baba Selemani hakuninunia, aliniita kwake, akanipa chai ya tangawizi, akasema: "Weye unawapa watu mukono wa kushika mu giza. Sauti yako njo ule mukono. Ukitaka baogope, ondoa mukono."

"Nisiseme kitu?"

"Useme mingi. Halafu unyamaze. Mutu haogopi kile anaona, anaogopa kile anangoja."

Jumapili yake tukaionyesha tena, kwa watu walewale, maana Rumonge haikuwa na watu wengine. Nilisema maneno mengi kuliko kawaida: kuhusu chakula cha mezani, kuhusu nguo ya yule dada, kuhusu baridi ya huko. Dada alipoweka mkono juu ya mlango wa chumba cha jeneza, nikafunga mdomo. Mbele yangu alikaa Mama Zaina, muuza maandazi, aliyehudhuria kila filamu na kikapu chake miguuni. Alingoja kidogo, kisha akasema taratibu, "Yasini, mwanangu, sema kitu." Sikusema. Mlango ukafunguka kidogo kidogo. Akarudia, safari hii kwa sauti ya kuomba. Kifuniko cha jeneza kilipoinuka, benchi lote la mbele lilianguka kinyumenyume, maandazi yakatapakaa chini, na wavuvi wazima, watu wanaolala juu ya maji yenye mamba, wakashikana mikono. Hakuna aliyeuliza habari za mazishi.

Tangu hapo nilianza kuzitazama filamu hizo kama fundi viatu anavyotazama kiatu cha mwenzake. Nyingi zimeshonwa kwa sindano moja. Iko nyumba iliyo mbali na watu. Yuko mtu anayeonya mapema, kwa kawaida mzee mchafu, na kwa sababu ni mchafu hasikilizwi. Yuko mwanamke atakayesikia kishindo na kwenda kuangalia, peke yake, na mshumaa ambao lazima uzimike. Huyo mwanzoni alinisumbua. Mwanamke wa Rumonge akisikia kishindo anaamsha mume, majirani na mbwa, kwa hiyo watu walimwona mpumbavu, wakawa upande wa zimwi. Ilibidi nimtetee. Nikasema mume wake amesafiri na majirani wamemchukia kwa wivu. Hapo wakamhurumia, na ukishamhurumia mtu unaanza kuogopa kwa ajili yake. Filamu yenyewe haikusema lolote juu ya majirani.

Yuko pia paka. Muziki unapanda, pazia linatikisika, mtu analivuta: paka. Watu wanacheka, mabega yanashuka. Basi mabega yakiwa chini hivyo, mkono unatokea upande wa pili. Msije mkasema neno wakati wa paka. Kicheko chao wenyewe kinawafanyia kazi yenu.

Mambo mengine hayakufaa kwetu hata kidogo. Mlango unaolia ulikuwa bure, kwa sababu nusu ya nyumba za Rumonge zilikuwa na pazia mahali pa mlango. Ngazi ndefu watu waliiogopa kwa maana nyingine. Walidhani dada ataanguka. Ukungu ulimchekesha Leonidas: "Kwetu mu ukungu tunatafutaka ng'ombe, basi." Lakini maji! Ilikuja filamu moja yenye bwawa tulivu na mkono unaotoka humo bila kelele, na waliokwenda kufua ziwani wiki ile walikwenda kwa makundi, mmoja akifua na wengine wakitazama maji. Nayo ile ya daktari mwenye wazimu na sindano yake sitaki hata kuikumbuka. Muuguzi wa dispansari alikuja mwenyewe kuniomba tuiondoe, watu walikuwa wameacha kuchomwa dawa.

Somo kubwa kuliko yote nililipata kwa uzembe wa watu wa kamio, yaani malori. Filamu zilitoka Bujumbura kwa barabara ya ziwani, zikiwa kwenye makopo ya bati, kila kopo na bobini yake moja ya mkanda. Kamio zilisimama Gitaza kupakia ndagala zilizokaushwa. Siku moja, katika kupakia na kupakua, kopo moja likashushwa pamoja na vikapu. Leonidas aligundua watu wakiwa wameshakaa. Na bobini iliyokosekana ilikuwa ile ambayo zimwi linaonekana. Kabla yake kulikuwa na nyayo kwenye matope. Baada yake, kijiji kinalia na kuzika. Katikati hakuna kitu.

"Endeleeni," akasema Baba Selemani.

Tukaendelea. Nyayo, kisha maombolezo. Nami pale pa kuungana nikanyamaza kama mtu aliyeona jambo lisilosemeka. Hakuna filamu iliyowahi kuitikisa Rumonge kama ile. Sokoni kila mtu alilieleza zimwi alivyoliona. Fundi cherehani alisema lilikuwa na kichwa cha kiboko. Mtu mmoja wa Kigwena aliapa lilifanana na mjomba wake. Wiki iliyofuata kopo likarudi, linanuka samaki, tukaonyesha filamu nzima kwa kujitapa, na zimwi likatokea: mtu ndani ya vazi la mpira, mgongoni zipu inaonekana. Watu waliona wametukanwa. Leonidas akachukua mkasi na gundi yake inayowasha pua, akakata zimwi lote akaacha kivuli na vidole. Filamu ikawa nzuri tena. Wenyewe huko Bujumbura ama hawakugundua au hawakujali.

Baba Selemani alifariki baada ya hapo, kwa ugonjwa wa kifua. Aliniachia maikrofoni na deni la mazungumzo, maana kila nilipobuni jambo jipya nilitamani kumwambia.

Ikawa sasa mambo yananigeukia. Watu walikuwa wameshanizoea. Walijua kwamba Yasini akinyamaza, kitu kinakuja. Hawakutazama tena picha, walinisikiliza mimi. Sauti ikikatika tu, akina mama wanafunika nyuso kwa kanga na wanaume wanakumbuka wanataka kukojoa. Jambo hilo likatoka ukumbini likaingia mjini. Watoto wakitulia ghafla ndani ya nyumba, mama yao alisema, "Yasini amenyamaza," akaenda kuona wamevunja nini. Wavuvi walilisema ziwani upepo unapokufa na maji yanakuwa mazito kabla ya dhoruba. Nilijisikia mtu mkubwa. Kama komantatere ilibidi pia nifanye kazi zaidi, maana hila iliyojulikana si hila. Nikaanza kunyamaza pasipo na kitu na kusema sana penye hatari. Kwa muda walichanganyikiwa vizuri. Lakini hata walipojua nadanganya, mwili haukubali kujua. Sauti ikikatika, mabega yalipanda yenyewe.

Mwaka wa sabini na mbili mnaujua kwa yale ambayo wazee wenu waliwaambia, au kwa yale waliyokataa kuwaambia. Mimi naeleza ya ukumbini tu. Mwisho wa Aprili watu wenye mapanga walipita kando ya ziwa wakiua Watutsi na waliokataa kuwafuata. Kisha askari wakashuka, na kuua kwao kukawa kukubwa zaidi na kwa utaratibu. Walitafuta Wahutu, hasa waliosoma, wenye kazi, wenye kalamu mfukoni. Waliwapakia kwenye kamio, mara nyingi mchana kweupe, na waliopakiwa hawakurudi. Leonidas alikuwa Muhutu aliyesoma kwa mapadri. Katika miaka yote ile sikuwa na sababu ya kuliandika neno hilo mpaka leo.

Ukumbi ulifungwa wiki kadhaa. Halafu ikaja amri kutoka kwa wakubwa: sinema ifunguliwe, watu waone mji umetulia. Ikaletwa filamu ya kuchekesha. Tukaambiwa za kutisha zisubiri, kana kwamba tulikuwa tumeagiza.

Mke wa Leonidas, Spesioza, alikuwa ameshapata mtu wa kuwavusha. Mvuvi mmoja angewachukua yeye, mumewe na watoto alfajiri ya Jumapili, wajifanye wanakwenda kununua mihogo ng'ambo. Onyesho lilikuwa Jumamosi mchana. Nilimkuta Leonidas asubuhi anapangusa lensi kama siku zote.

"Rudi nyumbani," nikamwambia. "Nitasema uko na malaria."

"Bakisikia malaria, batakuya nyumbani kuangalia. Watamukuta Spesioza anafunga mizigo." Akapuliza vumbi. "Operateri lazima aonekane leo. Kesho mutamutafuta mwengine."

"Mashine nani ataiweza?"

"Weye. Iko rahisi kuliko kusema."

Hayo ndiyo mazungumzo yetu. Kisha tukatazama filamu pamoja, yeye akinipa maana, nami nikigeuza, na mara mbili tatu alicheka mwenyewe. Ilikuwa habari ya bwana mnene aliyealikwa karamu kwa makosa.

Mchana ukumbi ulijaa. Watu walikuja kwa sababu kutokuja kungeonekana. Benchi la mbele, karibu nami, walikaa wakubwa wawili wa serikali waliojua Kiswahili vizuri kuliko mimi. Nyuma yao Mama Zaina na kikapu chake, walimu wa shule waliobaki, mafundi, wavuvi. Leonidas alikuwa nyuma kabisa, juu, kwenye kibanda cha mbao tulichokijenga juu ya mlango mkubwa ili joto na kelele za mashine zisisumbue watu. Ulipanda kwa ngazi ya nje. Mimi nilikaa mbele pembeni ya mlango mdogo unaotokea uchochoro wa kwenda ziwani. Palikuwa na joto, nikainua pembe ya gunia kidogo nipate hewa.

Bwana mnene alikuwa ameketi mezani, anakula kuku wa watu, nami nawaeleza kila alichokitia mdomoni. Kwenye ile pembe ya gunia nikaona kamio ya askari inakuja bila haraka kutoka upande wa soko. Ilizima injini mapema, ikaja ikiteleza yenyewe, ikasimama upande wa mlango mkubwa. Askari wakaanza kushuka, mmoja mmoja, wakipokezana bunduki.

Kusema nisingeweza. Neno lolote, hata la Kirundi, hata la mafumbo, wale wawili wa mbele wangelisikia.

Nikanyamaza.

Hapakuwa na cha kutisha kwenye shuka. Kulikuwa na kuku na mtu mwenye mashavu. Mmoja nyuma akacheka akidhani nimekwama. Kisha nikaona mabega ya Mama Zaina yanapanda. Alinitazama mimi, akatazama yule kuku, akanitazama tena. Akainama, akachukua kikapu, akasema kwa utulivu mkubwa, "Mimi nakwenda kusali," akapita mbele ya wakubwa kwa heshima na kutoka kwa mlango mdogo. Haikuwa saa ya sala. Mwalimu mmoja akamfuata akiwa ameshika tumbo. Halafu fundi cherehani. Halafu benchi zima, bila kukimbia, kama watu waliokumbuka wameacha moto jikoni. Kila aliyepita karibu nami alinuka jasho.

"Komantatere!" mkubwa mmoja akageuka. "Sema basi, iko nini?"

"Koo imekauka, shefu. Munisamehe."

"Kunywa maji, useme."

Nikatafuta maji. Niliyatafuta kwa muda mrefu iwezekanavyo, chini ya kiti, nyuma ya spika, mahali ambapo sikuwahi kuweka maji. Watu wakaendelea kutoka. Nilimtazama Leonidas, yaani nilitazama kile kitundu cha mwanga kule juu, maana hicho tu ndicho kilichoonekana. Picha ilikuwa safi, imenyooka katikati ya shuka kama alivyopenda.

Aliwahi kuniambia, miaka ya mwanzo, nilipomuuliza kama amependa nilivyoeleza filamu fulani: "Mimi huku nasikiaka mashine tu. Sijawahi kukusikia hata neno." Spika zilikuwa mbele kwangu, mashine ilikuwa sikioni mwake. Mji mzima, hadi watoto na wavuvi, ulijua kunyamaza kwangu ni kitu gani. Mtu mmoja tu hakuwahi kusikia nikisema.

Askari waliingia kwa mlango mkubwa. Vichwa vyao vilipita kwenye mwanga na vivuli vyao vikaonekana kwenye shuka, vikubwa, katikati ya karamu. Waliobaki hawakusogea. Picha ikatikisika, ikainama upande, ikasimama tena. Kishindo kwenye ngazi ya nje. Sauti ya mtu sikuisikia. Bwana mnene akaendelea kula mpaka mkanda ukaisha, shuka ikawa nyeupe, na mashine ikaendelea kuzungusha bobini tupu bila mtu wa kuizima. Nje kamio ikawaka, ikaondoka.

Mkubwa akaniamuru niendelee. Nikapanda juu. Bobini ya pili alikuwa ameshaitoa kwenye kopo, ameiweka mezani, ncha ya mkanda imeelekezwa upande wa mkono wa kulia, tayari. Nikaipachika. Nilikosea, nikarudia. Filamu ikaendelea mpaka mwisho bila maelezo, na wakubwa wawili, waliojua Kifaransa, walicheka pale pa kucheka. Niliona tu mabega yao.

Jioni Spesioza alikuja ukumbini na kitambaa cha chakula, kile cha kwenda nacho ziwani. Nilimwambia wamemchukua. Alikuwa mtu wa kanisa, hakuwahi kukanyaga sinema.

"Uliwaona bakikuya?"

"Niliwaona."

"Ukafanya nini?"

"Nilinyamaza," nikasema.

Akafunga kitambaa upya, akaondoka. Alfajiri alivuka na watoto. Ningeweza kumfuata nikamweleza, hata leo najua maneno ambayo ningetumia, lakini walimu waliotoka kwa mlango mdogo walikuwa bado wamejificha mjini na jambo hilo halikuwa la kusemwa na mtu yeyote kwa mtu yeyote. Baadaye nilisikia alikaa kambi moja huko Kongo. Baadaye sikusikia tena.

Mnajua maikrofoni walipewa wengine, na mimi nikawa operateri, hapa na kisha Bujumbura, mpaka projekta ya mwisho ilipozimwa. Watu walisema nimepoteza sauti. Sauti ninayo, mwulizeni mke wangu. Nilitaka kukaa pale alipokaa, nijue kama kweli hakuweza kusikia, au kama alisikia akadhani ni kazi tu. Makomantatere wengi wamepita mbele ya mwanga wangu, wengine wakipiga kelele kama wanaita mtumbwi ng'ambo. Nilitega sikio kila siku ya kazi. Sikusikia hata mmoja.